Kalenda yangu ya viti na maturubai: fundi wa Tanga aliyeifanya isomwe tu

Huduma ninayoisifia hapa ni ya kurekebisha kalenda ya mtandaoni iliyo wazi kwa watu wote, ili waione bila kuigusa. Fundi ana ofisi ndogo ya ghorofani jirani na soko la Mgandini, Tanga mjini. Nililipa shilingi 60,000 pamoja na nauli ya bodaboda alipokuja kwangu. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaieleza.

Ninakodisha viti, maturubai, masufuria ya pilau, masinia na mabusati hapa Ngamiani, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Viti nilivyonavyo ni 450, maturubai sita. Kwa miaka mingi kila kitu kilikuwa kwenye kaunta buku ya kwaya tatu iliyofungwa kamba mlangoni mwa stoo. Aliyetaka tarehe alipiga simu: "Mama, Jumamosi tarehe kumi na mbili ipo?" Nami naacha ninachofanya, natafuta miwani, nafungua ukurasa, namjibu. Simu za namna hiyo hazina shida mwezi wa kawaida. Lakini anayeijua pwani anaijua mfungo mosi. Mwezi mzima wa Ramadhani hakuna harusi, watu wanasubiri, halafu Idi ikipita kila mzazi mwenye mwali anataka Ijumaa, Jumamosi au Jumapili zile zile nne. Siku moja nilihesabu simu thelathini na moja kabla ya adhuhuri, na zaidi ya nusu walitaka kujua jambo moja tu, tarehe ipo au haipo.

Mtoto wa dada yangu, kabla hajaenda chuo Dodoma, akanifungulia kalenda ya mtandaoni. Aliweka programu ya chanzo huria kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoitunza kalenda, akatengeneza linki ya umma, nami nikaisambaza kwa wapambaji, wapishi, washereheshaji na wenye kumbi. Pale kwenye mpangilio paliandikwa kwamba mwenye linki anaweza kuona. Nikaridhika. Waone wote, tuandike mimi na kijana wangu wa stoo peke yetu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri, hata nikaanza kuisahau kaunta buku.

Jumamosi ya pili ya mfungo mosi, saa moja na nusu asubuhi, kirikuu ya kwanza imeshapakia viti 300 kwenda Chumbageni. Ikaingia ya pili. Dereva akashuka na karatasi ya mpambaji mmoja wa Makorora ninayefanya naye kazi siku zote: viti 250, maturubai matatu. Nikamwambia amekosea siku. Akampigia mpambaji, mpambaji akaja mwenyewe na pikipiki, huku analia, na simu mkononi. "Dada, mimi niliandika. Tazama." Nikatazama. Kwenye kalenda yangu, lakini ndani ya simu yake, Jumamosi ile ilikuwa na mstari wa kijani: *Harusi Makorora, viti 250*. Nikafungua simu yangu. Jumamosi ile ile, kwangu, ilikuwa na harusi moja tu, ya Chumbageni.

Yule dada hakusema uongo. Aliandika kweli, simu ikamwonyesha maandishi yake, wiki tatu nzima akawa anayaona, akamhakikishia mama wa bibi harusi kwamba viti vipo. Nami sikudanganya. Kwangu hakikufika kitu.

Tulihangaika mpaka saa sita. Nilikodi viti kwa mshindani wangu kwa bei aliyotaka yeye, madrasa ya jirani ikatuazima mabusati na mikeka, wazee wakakaa chini kama zamani. Tofauti ya gharama niliilipa mimi. Akdi ilisomwa, watu wakala. Lakini mama wa bibi harusi hakunisalimia siku ile, na nilimwelewa.

Jumatatu nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza, ambaye simtaji, alifunga linki yote. Tatizo limekwisha, akasema. Kuanzia jioni ile simu zikarudi kuwa thelathini kwa siku. Wa pili, naye simtaji, alisema dawa ni kila mpambaji apewe jina la kuingilia na nywila, akatengeneza nywila moja ya wote. Hapo ndipo mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu sasa waliweza kuandika kweli, na kufuta pia. Ndani ya siku nne walima wa Duga uliondoka kwenye kalenda. Hakuna aliyekiri, na sidhani kama kuna aliyekusudia. Kidole kimeteleza kwenye kioo, basi. Nikaiomba kaunta buku yangu radhi nikairudisha mlangoni.

Huyu wa Mgandini nilielekezwa na mwenye steshenari ya kuchapa kadi. Ni kijana, mpole, ameniamkia kabla sijamaliza ngazi. Tofauti yake na wale wawili ilionekana kwenye swali la kwanza. Hakuomba nywila. Aliuliza, "Mama, yule dada alipoandika, simu ilimwambia nini?" Nikamjibu kwamba haikumwambia kitu, ilikubali tu. Akasema, "Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Seva ilikataa, simu haikujua kwamba ilitakiwa ikatae."

Akanieleza taratibu, nami nalieleza kwa jinsi nilivyolielewa, kwa sababu naamini wengi wenye kumbi na magari ya kukodi wana ugonjwa huu na hawajui.

Simu inapojiunga na kalenda kama ile yangu, huanza kwa kuuliza seva: mimi hapa nina ruhusa gani? Utaratibu wa mazungumzo hayo unaitwa CalDAV, umeandikwa rasmi tangu 2007, na ndani yake kuna orodha ya ruhusa ambayo seva inapaswa kuirudisha. Ikirudisha "kusoma", simu inaficha kitufe cha kuongeza shughuli. Ikirudisha "kusoma na kuandika", simu inakufungulia. Seva yangu, kwa linki ile ya umma, ilikuwa inasema kusoma na kuandika. Halafu mtu akiandika kweli na simu ikapeleka, mlango wa ndani ukakataa na kurudisha namba 403, maana yake hairuhusiwi. Kwa hiyo kalenda yangu ilikuwa salama, hakuna mgeni aliyeweza kuichafua. Lakini simu ya mpambaji ilikuwa imeshayashika maandishi yake, ikayahifadhi ndani, ikawa inajaribu kuyapeleka chinichini na kugomewa kila mara. Yeye alichokiona ni ule mstari wa kijani.

Nilinyamaza muda. Nilikuwa nimemhesabia yule dada kosa ambalo si lake. Nilitoka nje kwenye varanda ya ofisi nikampigia simu hapo hapo kumwomba radhi, kabla kazi haijaanza.

Kazi yenyewe ilichukua kama saa mbili. Kwanza alihifadhi nakala ya kalenda nzima kwenye flashi na kunikabidhi mkononi. Halafu akasasisha programu, kwa sababu toleo tulilokuwa nalo lilikuwa la zamani na kosa lile lilikwisha kurekebishwa na waliolitengeneza. Kwa hiyo jina la programu silitaji. Akaifuta linki ya zamani, akatoa mpya, na ile nywila ya wote akaiua.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Angeweza kusema tayari na kupokea pesa. Badala yake alipanga vifaa vitatu juu ya meza: simu yake, simu kuukuu ya mteja mwingine na kompyuta mpakato. Akasema, "Mama, sasa wewe ndiye mwizi. Jaribu kuandika." Nikashika simu yake, nikafungua Jumamosi, nikabonyeza na kushikilia pale palipo wazi kama ninavyofanya siku zote. Hakikutokea kitu. Nikatafuta alama ya kujumlisha. Ipo, lakini nilipoibonyeza na kutaka kuchagua kalenda ya kuandikia, kalenda yangu haikuwemo kwenye orodha. Nikafungua harusi iliyokwishaandikwa, nikajaribu kuifuta. Hapakuwa na kitufe cha kufuta. Nikarudia kwenye ile simu kuukuu, mambo yakawa yale yale.

Kwenye kompyuta alikuwa na Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda. Hapo akanionyesha kwamba hata mtumiaji mwenyewe anaweza kujifungia upande wake: ukiingia kwenye sifa za kalenda kuna kisanduku cha kuifanya iwe ya kusoma tu, unaweka vema, basi. Akasema kwenye Android programu ya DAVx5 nayo ina sehemu ya kulazimisha hivyo. Lakini alisisitiza kwamba kisanduku cha upande wa mtumiaji si dawa, ni hirizi. Dawa ni seva iseme ukweli tangu mwanzo, kwa sababu huwezi kuzunguka Tanga nzima ukiwawekea watu vema kwenye simu zao.

Nilimuuliza kwa nini mtoto wa dada yangu hakutumia Google Calendar kama watu wengine. Alinijibu bila kumdharau kijana. Kule ukiifanya kalenda iwe ya umma, unachagua mawili tu, watu waone shughuli zote au waone tu kwamba muda umechukuliwa. Haki ya kubadilisha unampa mtu mmoja mmoja kwa anwani yake ya barua pepe. Mpango huo ni mzuri na nadhani kwa mwenye biashara ndogo asiye na fundi karibu ndio rahisi zaidi. Mimi nimebaki na yangu kwa kuwa ninaimiliki na nilishailipia seva ya mwaka mzima.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mama, haya majina?"

Kalenda yangu iliandikwa kama kaunta buku. Jina la bibi harusi, mtaa, nyumba jirani na nini, namba ya simu ya baba, deni lililobaki. Kwenye daftari la stoo ni sawa, analiona kijana wangu na mimi. Lakini sasa ilikuwa mbele ya kila mwenye linki, na linki ilikuwa imeshapita magrupu ya WhatsApp nisiyoyajua. Kumzuia mtu asiandike hakumzuii asisome madeni ya watu. Akaniambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa yake. Mimi sikuhitaji sheria kunitisha. Niliwaza tu mzazi aliyekuja kwangu usiku kuomba alipe kwa mafungu, halafu deni lake linasomwa na mpishi wa mtaa wa pili. Moyo uliniuma.

Akafungua faili ya kalenda ile kama ilivyo, maandishi matupu, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Kila shughuli inaanza na neno BEGIN:VEVENT, chini yake mstari wa saa, mstari wa kichwa cha habari, mstari wa maelezo. Na kuna mstari mmoja uitwao CLASS unaosema shughuli ni ya wazi, ya siri au ya faragha. Zangu zote zilikuwa za wazi. Tukazipitia pamoja, harusi arubaini na kitu, tukaziweka zote ili mgeni aone tu kwamba muda umechukuliwa. Halafu akajaribu tena kwa linki ya umma. Jumamosi ikaonyesha kipande cha rangi bila jina la mtu. Nikapumua.

Faida ya kusomwa na wengi ipo, na sitaki mtu adhani ninashauri kufunga. Wiki moja baadaye mzee mmoja wa Mabokweni alinipigia. Kijana wangu alikuwa ameandika shughuli yao Ijumaa saa mbili usiku. Mzee ameiona kwenye simu ya mjukuu wake. "Mwanangu, sisi tulisema usiku wa Ijumaa." Kwa wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Kijana wangu ni mzaliwa wa bara, hakulijua hilo. Kama kalenda ingekuwa imefungwa, viti vingefika kesho yake, watu wameshakula na kuondoka. Tukahamisha. Tangu hapo kila shughuli ya usiku naandika maneno "kuamkia" kwenye maelezo yangu ya ndani na namsomea mteja kwa sauti. Na saa tumeziweka kwa mtindo wa 24, 20:00 ndiyo saa mbili usiku, maana hapo nako tulikuwa tunachanganya.

Sasa ile nyota niliyoizuia.

Fundi hakunionya mapema kuhusu ucheleweshaji. Kuna wateja ambao simu zao hazitumii CalDAV, wamejiunga kwa ile anwani ya faili tu. Hawa ni wasomaji kwa asili yao, faili inashushwa upande mmoja, hakuna cha kuandika. Lakini simu au huduma yao ndiyo inayoamua iende kuchungulia lini. Aliyeiunganisha anwani yangu ndani ya Google Calendar anaweza kusubiri hata muda wa saa kumi na mbili au zaidi kabla mabadiliko hayajaonekana. Mshereheshaji mmoja alimwahidi mteja Ijumaa iliyokuwa imechukuliwa tangu asubuhi, kwa sababu kwake ilionekana nyeupe. Tuliwahi kabla hakijaharibika kitu, lakini niliona giza tena mbele ya macho. Jambo hili lilitakiwa kuwa la kwanza kuambiwa. Nilipompigia, alikuja siku hiyo hiyo bila kudai senti, akaniandikia maelezo ya kuwatumia watu: tarehe ya zaidi ya wiki mbili, tazama kwenye simu yako, tarehe ya karibu, fungua linki kwenye brauza, hapo unaona ya sasa hivi, na kwa hali yoyote tarehe haijawa yako mpaka umenipigia na mimi nimesema ndiyo.

Jambo la pili ni dogo. Linki mpya ilimaanisha kila mtu afute ya zamani na kujiunga upya, na wasiofanya hivyo walibaki wanatazama kalenda iliyoganda, haina dalili ya kwamba imekufa. Nilikaa siku mbili nikiwapigia mmoja mmoja. Nadhani angeweza kunipa orodha ya kufanya hivyo kabla hajaifuta ya zamani, usiku, kuliko saa nne asubuhi siku ya kazi.

Ofisi yake haina bango kubwa. Pita upande wa maduka ya vitambaa, ngazi ni za chuma, nyembamba, mwenye magoti mabaya ampigie simu ashuke. Ijumaa anafunga saa sita kwenda msikitini na anarudi saa nane na nusu. Mpe nywila zako ukiwa umekaa naye, atakuonyesha jinsi ya kuzibadilisha kabla hujaondoka, na hakikisha unadai lile jaribio la vifaa vitatu. Usikubali kuambiwa tayari bila kushika simu mwenyewe.

Jana mpambaji wangu wa Makorora amenipigia saa tatu usiku. Alikuwa na bibi harusi mbele yake, anatazama kalenda, mwisho wa mwezi panaonekana wazi. "Dada, nimejaribu kuandika, simu imekataa kabisa, haina hata pa kubonyeza. Nikasema basi nimpigie mwenyewe." Nikavaa miwani, nikamwandikia viti 200 na maturubai mawili, nikamwambia afungue linki upya. Nikamsubiri kwenye simu mpaka aliposema ameiona.